Udongo wa Manjano Ukiwa Motoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa watano uani kwetu Carama: mimi niliye kifungua mimba, wadogo zangu Janvière na Bosco, Tonton Salvator, mdogo wake marehemu baba, na Mama Katarina, mfinyanzi aliyekimbia vita vya kwao Uvira, ng’ambo ya mpaka, akakuta vya kwetu.

Mwanangu, wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami nilikuwa nimeacha shule. Tonton alikuja kuwachukua wadogo: Bosco aende kwake Gasenyi, Janvière apelekwe kwa shangazi akalee watoto. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba msichana asiye na kazi hataweza kuwatunza wadogo zake.

Lakini kazi ilikuwa imepatikana. Masista wa zahanati walitaka sakafu nyekundu, na kwa sababu ya vita rangi ya dukani ilikuwa haifiki tena. Mama Katarina akanifundisha kuitengeneza. Udongo wa manjano wa kando ya mto unasagwa, unachekechwa, unakaangwa juu ya bati kama karanga mpaka uwe mwekundu, kisha unachanganywa na simenti.

“Masista wakiukubali, watoto nawaacha,” Tonton akasema.

Nikakaa motoni. Udongo ukawa rangi ya chungwa. Jua lilikuwa linashuka, na saa ya kukatazwa kutembea usiku ilikuwa karibu. Tonton akashika gunia la makaa.

“Ongeza moto tumalize. Mi nitarudi Gasenyi saa ngapi?”

“Apana, Tonton.”

“Unaniambia mi apana?”

“Nakuambia kwa heshima. Moto ukizidi unauharibu.”

Mama Katarina akacheka. “Salvator, we unajua kula tu. Achia mutoto kazi yake.”

Nilikuwa nimeshauona ulioungua. Unakuwa mweusimweusi kama ini, una chengachenga vidoleni, na kwenye simenti haukolei. Ulioiva vizuri ni laini kama poda, kidogo tu kinatosha chumba kizima. Kwa hiyo sikusogea. Nikageuza, nikageuza, na wekundu nilioutaka ulipokuja nikavuta bati, ingawa makaa yalikuwa bado yanawaka na Tonton bado ananung’unika.

Akachota kidogo, akasugua kiganjani. Alilala kwetu, na asubuhi akabeba gunia la udongo mwekundu yeye mwenyewe hadi kwa masista. Wakaukubali. Watoto wakabaki, na tangu hapo hakuna aliyerudi kuzungumzia kutugawa.

Najivunia jambo hilo, na sioni haya kulisema. Bosco ana watoto wake leo. Janvière alisoma hadi chuo kikuu, na kazi yake huko ni ileile ya uani: anachoma unga wa oksidi za metali ndani ya tanuri ya maabara. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa punje za udongo ule ni ndogo mno, hata hadubini ya shule haizioni. Moto wa kiasi unatoa maji yaliyofungwa ndani ya punje, ndipo manjano inakuwa nyekundu. Moto ukizidi, punje zinashikana, zinakua, na rangi inapotea.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa kitu, kaa nacho mpaka kigeuke, na kikishageuka kitoe. Mkubwa mwenye haraka mjibu kwa adabu, lakini mkono wako usitoke kwenye kazi. Mungu akupe macho ya kuiona saa yako, na nyumba yako isitawanyike.

Ukivuka kwenda Uvira, muulizie Mama Katarina mfinyanzi. Nilipompelekea kitenge cha shukrani alikikataa. “Nguo ninazo,” aliniambia. “Mi nachoma udongo tangu musichana, na sijui kwa nini unageuka. Mumoja wenu akisoma, aje aniambie.” Alirudi kwao kabla Janvière hajamaliza shule. Jibu lake tunalo sisi, na bado halijamfikia.