Kinyago cha Pili

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya msimu wa korosho, mke wangu Somoe aliamka akawa anapapasa ukuta kuutafuta mlango. Macho yalikuwa yamevimba, machozi yanamtiririka, akasema anahisi kama yamejaa mchanga. Nami nilijua mchanga ule umetoka wapi.

Nimesikia umenunua mashine ya kuchomelea, unataka kuiweka kwenu uwe unajitengenezea viti na vigoda kwa kujifurahisha. Sikukatazi. Mimi nilikuwa mkulima tu hapa Nachingwea, ila mwili ulikuwa shambani na moyo ulikuwa kwenye vyuma. Mashine niliiweka barazani, karibu na mabua ya ufuta tuliyoyaegemeza ukutani, ili wapita njia wanione. Nilipenda kutazamwa, nikuambie ukweli.

Kinyago chenye kioo cheusi, cha kukinga macho na mwanga mkali wa kuchomelea, nilikuwa nacho kimoja, na nilikivaa mimi. Somoe alinishikia bomba lisiyumbe, nikamwambia ageuze uso. Lakini atageuzaje uso mtu anayetaka kuona mumewe anatengeneza nini? Mara ya kwanza macho yaliuma yakapona, na ya pili vilevile, tukacheka. Mara hii ya tatu hakucheka mtu.

Huku kwetu mwanamke ana mjomba wake, na mjomba ndiye mwenye neno. Alikuja na baiskeli kutoka Matambarale, nikamwekea kiti, hakukaa. Aliyatazama mabua makavu, akaokota kinyago, akakigeuza geuza mkononi.

"Mkwe," akasema, "nyumba hii ina macho manne. Mbona umefunika mawili tu?"

Akasema anamchukua mpwa wake, atampitisha zahanati, na mimi nijenge kwanza mahali pa kazi panapofaa. Nikimaliza, niende nikamchukue.

Nilijenga, mwanangu, ila kwa hasira. Nyuma ya nyumba niliinua kuta tatu za matofali, ndefu kupita kichwa, mwanga usimfikie jirani. Bati nililipandisha juu ili moshi utoke. Mabua niliyaondoa, ndoo ya mchanga nikaiweka karibu kwa ajili ya moto, na nikafunga jiliwa la kushikia chuma, maana jiliwa halina macho ya kuumia. Mwisho nikanunua kinyago cha pili. Yote hayo yalinichukua misimu miwili, na misimu yote miwili sikukanyaga Matambarale. Nilijiambia mjomba kasema nimalize kwanza. Kumbe ni kiburi tu, na mwenye kiburi hakosi kisingizio.

Siku niliyokwenda, Somoe alinikaribisha vizuri. Akaniletea maji, akakaa mbali kidogo. Macho yake yalikuwa yamepona kabisa. Nikamweleza kuta, bati, kinyago chake kipya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mahali pamekuwa pazuri," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nangoja uje uniulize kama naona."

Nilirudi peke yangu. Na mpaka leo nipo peke yangu, sioni haya kukwambia. Vigoda nilivyochomelea vimejaa uani na mkaaji ni mmoja. Kinyago cha pili kipo palepale msumarini nilipokitundika, hakijavaliwa hata siku moja. Huwa nakifuta vumbi.

Kwa hiyo, mwanangu, jenga kuta zako, ondoa kila kinachoshika moto, acha njia ya moshi, na vinyago viwe viwili kabla hujawasha hata cheche moja. Majuto ni mjukuu. Na ukimuumiza mtu, usingoje ukuta ukauke ndipo uende. Nenda siku hiyohiyo, na mikono yako michafu, ukamuulize anaendeleaje.

Mungu akulindie macho yako, akulindie na ya yule atakayekushikia chuma. Na kigoda utakachokitengeneza, akupe wa kukikalia.