Macho Niliyomchorea Chacha

Nitawasimulia, ingawa aibu bado inanichoma, maana wengine mmeshausikia mkasa huu kwa vijana wa bodaboda wa Nyamongo, na wao wanautia chumvi, wakati ulivyo tu unatosha kuniinamisha kichwa.

Miaka ile vijana wetu walikuwa wameacha majembe wakakimbilia dhahabu, na mimi nilikuwa nimestaafu uinjilisti, magoti hayanibebi, nakaa nyumbani namshukuru Mungu kwa uji na pumzi. Mjukuu wangu Gati, alipokuja likizo kutoka sekondari huko Issenye, aliniona nimezubaa akanifundisha kuchora zile katuni za Kijapani, anime. "Babu, anza na macho," aliniambia. "Yawe makubwa, yang'ae. Pua nukta tu, mdomo kamstari." Nilifurahi mno (mzee mzima, mvi kichwani, naotesha watu nywele za miiba kwenye karatasi!).

Gati aliporudi shule, Chacha akafukiwa na duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Alikuwa mtoto pekee wa mama mmoja jirani yangu, Bhoke. Wenzake walimtoa kwenye kifusi, lakini simu yake, yenye picha zake zote, ilibaki huko chini. Pale msibani Bhoke akawa analia, "Hata picha ya kuweka juu ya jeneza sina," nami, badala ya kunyamaza, nikasema mbele ya watu wote, "Usilie mwanangu, nitamchora mimi."

Nikaomba, nikachora. Sura niliyojua kuchora ilikuwa moja tu, ile aliyonifundisha Gati, lakini mbele ya macho yangu niliona ni Chacha kabisa. Nikamkabidhi Marwa, mchimbaji mwenzake. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, mzee." (Mimi nikadhani machozi yamemlenga.)

Kumbe vijana walichangishana, wakaipeleka kwenye duka la kuchapisha, ikakuzwa kwenye turubai kubwa kama mlango. Siku ya mazishi, gari lililoleta jeneza likaingia uani, na turubai limefungwa mbele: macho kama sahani, yamejaa nyota, nywele zimesimama kama za nungunungu. Akina mama walikuwa wanaimba, wimbo ukakatika kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine.

"Jamani, Chacha amekuwa Mchina!" kijana mmoja akaropoka.

"Fungueni jeneza kwanza," mwenzake akadakia, "tusije tukazika mtoto wa watu!"

Watu wakacheka, wengine wameziba midomo kwa kanga, msibani, na mimi nimesimama na Biblia mkononi nikisubiri kuongoza sala. Bhoke hakucheka. Alilisogelea turubai, akapapasa ule mdomo niliouchora umefungwa, akanigeukia.

"Baba, mwanya wake uko wapi?"

Kijiji kizima kilimjua Chacha kwa ule mwanya wa meno ya juu, akicheka unauona toka barabarani. Nikampa mwingine ile Biblia asali yeye. Turubai likafunguliwa, likakunjwa.

Baadaye nikamuuliza Marwa kwa nini hakunionya. "Wewe ni mzee wetu," alisema, akitazama viatu vyake. "Ningeanzaje?"

Msiba ulipoisha nilikwenda kwa Bhoke kuomba radhi. Alinipa kiti, akanipa uji, akasema amenisamehe, na ninaamini alinisamehe kweli. Kisha akasema polepole, "Ila, Baba, nikifumba macho nimwone mwanangu, yanakuja yale macho yako."

Nilimaliza uji wangu sijui hata ladha yake.

Mpaka leo namwomba Mungu amrudishie Bhoke uso wa mwanawe. Kuchora nachora bado, kuku na mbuzi (Gati anasema mbuzi wangu wanafanana na maharusi), lakini uso wa marehemu sitaugusa tena, hata mama yake anililie. Nitakaa naye, nimwombe anisimulie mtoto wake alivyokuwa, kisha nifunge mdomo wangu nisikilize, jambo ambalo siku ile sikulifanya.