Majani Mekundu ya Lopur

Liko swali moja, mwanangu, ambalo niliulizwa nikiwa na miaka ishirini na minne, nikakosa jibu, na siku yenyewe naikumbuka mpaka joto la bati lililokuwa juu ya vichwa vyetu. Nakuita mwanangu ingawa sijafikia umri wa kuzaa mtu wa kimo chako. Nivumilie. Kazi hii uliyoijia juzi inazeesha watu kwa jua.

Ilikuwa Kakuma, mwaka wa 2012, kiangazi kimekaza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kuajiriwa Lodwar na mradi mdogo uliosoma ardhi na maji kwa picha za setilaiti. Baba yangu ni mwalimu aliyehamishiwa Turkana kutoka Bungoma, kwa hiyo nilikulia Lodwar na kujiona mjuzi wa pale. Tena nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilimhoji padri, nikawahoji wahadhiri, nikamhoji hata mama kwa nini maziwa lazima yatangulie kwenye chai. Kitu kimoja tu sikukihoji, nacho ni kompyuta yangu.

Siku hiyo nilibandika ramani ukutani mbele ya wafugaji waliotaka kujua wahamishie wapi mbuzi wao. Katika picha zile majani mabichi tuliyapa rangi nyekundu, maana setilaiti huona mwanga ambao jicho la mtu halioni. Nikawaonyesha mstari mwekundu, mnene, kando ya mto mkavu upande wa Lopur. Nikasema malisho yako pale.

Bibi mmoja akainuka akaja hadi ukutani. Watu wote walimwita Ata Nakiru. Ata ndiyo nyanya kwa Kiturkana. Ndiye aliyeongoza mbuzi wa boma nne, wake na wa jirani zake, na mbuzi hao ndio waliokuwa maziwa ya watoto wote wa boma hizo mpaka mvua irudi.

"Hii nyekundu ndiyo majani?" akaniuliza.

"Ndiyo, Ata."

"Na damu, hiyo munapaka rangi gani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha akaweka kidole juu ya Lopur. "Sawa. Sasa niambie. Hii jicho yako ya juu inaona mbuzi akikula, ama inaona rangi peke yake?"

Nilimjibu kwa kirefu sana. Nikaeleza miale, nikaeleza vipimo, nikaeleza jinsi jani lenye afya linavyorudisha mwanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesoma," akarudi kukaa. Nilidhani ananisifu.

Usifikiri sikujua hatari yake, mwanangu. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa Ferguson's Gulf, kule Ziwa Turkana karibu na Kalokol, tukipima maji. Picha yangu ilionyesha uwanda wa nyasi kwenye kona ya ghuba. Mvuvi mmoja alinipeleka kwa mashua hadi katikati ya huo uwanda, akachovya kasia lake likazama lote. Yalikuwa maji, yamefunikwa na magugu na ukijani wa ziwa. Tuliposhusha kisahani cheupe cha kupimia uangavu wa maji, kilipotea kabla ya fundo la kwanza la kamba. Niliandika daftarini kwamba rangi isiaminiwe kabla haijaguswa, nikapiga mstari chini yake. Kisha ilipofika zamu ya Lopur, gari la ofisi lilikuwa gereji, ripoti ilitakiwa Ijumaa, na daftari lilikuwa Lodwar. Sikwenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga, nami nilikuwa nimewatandikia watu kitanda hicho bila hata kukikalia.

Baada ya siku kumi, wafugaji wakiwa wamekwisha kuhamia Lopur, ikaja simu. Majani mekundu ya Lopur yalikuwa mathenge, ule mti wa miiba ambao Waturkana huuita etirae, unaobaki kijani hata mwaka ambao mawe yanalia. Chini yake hapakuwa na unyasi hata mmoja.

Nilifika huko kesho yake mchana. Ata Nakiru alikuwa amechuchumaa na mbuzi mapajani.

"Ejok, Ata," nikamsalimu.

"Ejok. Kuja hapa. Fungua huyu mdomo."

Nikafungua. Maganda matamu ya mathenge yalikuwa yamenasa katikati ya meno, na midomo imevimba kwa miiba. Wengine matumbo yalikuwa yamejaa kama ngoma. Pembeni, chini ya kijiti, walikuwa wamelazwa wana-mbuzi waliokufa. Sikuwahesabu, na hakuna aliyeniambia idadi yao.

"Sisi tukihama," Ata akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia, "tunatuma mtu mbele. Anaenda na mguu, anarudi na majani ndani ya mkono. Tunapea mbuzi mzee anusie. Akikataa, hatuendi. Hii mara hatukutuma mtu."

"Kwa nini, Ata?"

"Tulisema msichana ameona."

Mwanangu, nimekemewa na wakubwa wengi, na wengi wao walipiga kelele. Hakuna aliyenifikia pale alipofika yule bibi kwa maneno hayo matatu. Nikaanza kulia. Akaniwekea mwana-mbuzi mikononi, mwenye joto, mifupa mitupu.

"Ukilia, lia ukitembea. Huyu hawezi kutembea, wewe unaweza."

Asubuhi ile walikuwa wamekwisha kumtuma mtu, Ekai, mwanamume mrefu asiyemaliza sentensi bila utani. Alirudi jioni na konzi ya nyasi ndani ya ncha ya shuka. Nyasi kavu, mwanangu, njano, zinazokatika ukizigusa. Mbuzi mzee alizinusa, akazila kutoka mkononi mwake.

Nilimuuliza Ekai alizipata wapi, akanionyesha. Nikafungua ramani. Mahali hapo nilikuwa nimepapaka kahawia na kuandika ardhi tupu. Jani lililokauka halirudishi ule mwanga, kwa hiyo setilaiti yangu ililipita kama jiwe. Nilikuwa nimewapeleka watu kwenye miiba na kuwafichia chakula, kwa karatasi ileile.

Ekai aliitazama ramani, akainua mguu wenye sandali ya tairi la lori. "Setilaiti yangu ni hii," akasema. "Haitaki stima, na ikipasuka tunaenda kwa fundi."

"Wacha mtoto wa watu," Ata akamwambia. "Amebeba mbuzi yako."

Tulitembea siku mbili. Yule mwana-mbuzi alikojoa shingoni mwangu, akapona. Mbuzi wengi wa Ata walifika, na wachache hawakufika. Nilitarajia wenye mbuzi wanifukuze, ama angalau waniulize maneno magumu. Walinipa maji ninywe, wakanionyesha pa kulala. Nilisema moyoni kwamba hawa ni watu wapole kupita kiasi.

Mwaka uliofuata tulianza kupata picha mpya, safi kuliko zile za kwanza, na wenzangu ofisini wakasema sasa hatuhitaji kutembea sana. Mimi nilianza kutembea zaidi. Kila rangi niliyoipaka niliikanyaga kwanza, na pale nisipoweza kufika niliandika wazi kwamba sijafika. Niliwaomba wafugaji waendelee kumtuma mtu wao. Ramani ikawa ya kumwambia mtu huyo aanzie wapi, basi.

Sasa sikia, maana ndiyo nasaha yenyewe. Usiidharau picha ya juu; imeniokolea watu mara nyingi tangu wakati ule, na inaona mbali ambapo miguu ya Ekai ingechukua mwezi. Lakini ukihoji, anza na kile unachokipenda. Ni rahisi kumhoji padri. Hoji ile karatasi iliyobeba jina lako. Na ukiulizwa swali na mtu asiyesoma, ukajikuta unatoa maelezo marefu, nyamaza uangalie kama kweli unajibu. Kusema "sijui, twende tukaone" hakumvunjii mtu heshima. Na mtu akikwambia ameacha njia yake kwa sababu amekuamini wewe, ogopa. Amekukabidhi mbuzi wake.

Mungu akutangulie kila unakokwenda, akupe miguu isiyochoka na wazee wa kukuuliza. Kazi ya mikono yako ilishe watu. Ukikosea, na utakosea, upate wa kukushika mkono kama nilivyompata mimi.

Ata Nakiru alikwisha kuzikwa zamani niliposikia kilichobaki. Ekai ndiye aliyeniambia, pale Kakuma, naye sasa ana mvi. Kabla sijafika Lopur siku ile, wenye mbuzi walikuwa wamekaa kikao juu yangu. Ata aliwaambia kwamba msichana wa ramani alimwonya atume mtu kwanza, onyo ambalo sikulitoa kamwe, na kwamba yeye, kwa uvivu wa uzee, ndiye aliyekataa. Wakamtoza faini ya mbuzi wake dume. Akaitoa.