Nilimtoa jicho mdogo wangu kwa ajili ya gari la umeme la mtumba

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mkulima wa mahindi na maharage huku Maretadu, wilaya ya Mbulu. Nina mke na watoto wawili. Ningekuwa nao watatu. Mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Petro, ana miaka 33 na sasa ana jicho moja. Lile lingine nililitoa mimi. Watu wote huku wanaamini nilikuwa na haki, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Baba alipofariki alituachia shamba na gari moja chakavu la kubeba abiria. Tukakubaliana kuliuza tununue la umeme, maana petroli ilikuwa inakula kila tulichopata na nyumbani umeme upo. Tulishindwana jambo moja tu. Mimi nilitaka jipya, zero kilometa, lenye garantii ya betri. Petro, ambaye ndiye fundi wa familia, alitaka lililotumika. Akaniambia, "Kaka, jipya litatufanya tuuze mpaka maksai. Tutalima na nini? Kuna la mtumba nimeliona, betri nimeipima mwenyewe. Imechoka kidogo, lakini kwa safari zetu inatosha." Mama akasema Petro amesema vizuri. Nikampiga kofi palepale mbele ya mama, damu ikamtoka puani. Hakurudisha.

Lile gari la mtumba likaja, na leo nasema ukweli, halikuwahi kutuacha njiani. Kila jioni Petro alilichomeka kwenye umeme, asubuhi anaondoka na abiria. Mimi nilikuwa nalisema vibaya kwa kila mtu.

Siku moja Petro alikwenda msibani Getanuwas, akaliacha limejaa chaji. Nikalichukua mimi, nikaenda nalo mnadani, nikapakia marafiki tukazunguka vilabuni mpaka jioni. Nilirudi nimelewa, nikaliegesha, sikulichomeka.

Kesho yake mchana mke wangu akashikwa na uchungu. Nesi wa zahanati akasema mtoto amekaa vibaya, awahishwe hospitali. Petro ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka msibani. Akakaa kwenye usukani, akashtuka. "Kaka, mbona chaji ni ndogo hivi? Nililiacha limejaa. Kuna mtu alilitumia?"

Mke wangu alikuwa analia siti ya nyuma. Nikajibu, "Nani alitumie? Si hiyo betri yako ya mtumba inajimaliza yenyewe!"

"Basi tusiondoke nalo. Ngoja nikimbie nikaombe gari la mwalimu."

"Endesha!" nikamfokea. "Unataka mke wangu afie hapa?"

Akaendesha. Likazima katikati ya mlima, mvua inanyesha. Tulisukuma, halikupanda. Trekta lilipotokea, mtoto alishazaliwa palepale kwenye siti. Wa kiume. Hakulia. Akina mama waliokuwa kwenye tela wakampakia mke wangu wakaenda naye hospitali. Badala ya kupanda naye, mimi nilibaki.

Nilifungua buti nikatoa mpini wa jembe. Nilimpiga Petro mgongoni, mabegani, kichwani. Alianguka kwenye tope huku anasema, "Nipige tu kaka, mimi ndiye niliyelichagua." Maneno hayo yalinitia wazimu, maana mimi nilijua. Nilimpiga ili anyamaze. Pigo moja likaingia jichoni. Alishika uso kwa mikono yote miwili, damu ikapita katikati ya vidole, na bado nilimpiga tena mara mbili.

Hospitali aliwaambia amechomwa pembe na ng'ombe, ingawa kijijini wote walijua ni mimi. Hakunitaja.

Haikuishia hapo. Petro aliporudi nyumbani, kaka za mke wangu, wafugaji wa Dirma, walikuja na fimbo. Mkubwa wao akaniuliza, "Shemeji, nani amemuua mpwa wetu?" Nikanyoosha kidole kwenye nyumba ya Petro. Walimtoa nje na bandeji yake usoni, wakamvunja mkono, halafu wakalimaliza gari kwa mawe. Mimi nilisimama nikitazama. Mama pia alisimama. Tangu siku ile Petro akimwamkia, "Shikamoo mama," mama haitikii.

Jumapili iliyopita Petro alikuja kwangu baada ya ibada, ule mkono haunyooki tena, anamvuta kwa kamba ng'ombe wake wa pekee wa maziwa. Akapiga magoti mbele ya mke wangu. "Shemeji, sina cha kumrudisha mtoto. Mpokee huyu, watoto wapate maziwa." Mke wangu akageuza uso. Petro akanitazama mimi kwa lile jicho moja, akasema, "Kaka, ulituambia tununue jipya. Ningekusikiliza."

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema ukweli. Nikasema, "Mfunge pale zizini."

Nikisema ukweli, mke wangu ataondoka na watoto, na kaka zake wataniua. Sisemi kwa mfano, wataniua kweli, nimewaona wakipiga. Nikinyamaza, mdogo wangu ataingia kaburini akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanangu. Kila asubuhi mke wangu anamkamua ng'ombe yule, ananimiminia kikombe, ananiambia, "Kunywa baba, wewe ulimpigania mtoto wetu." Na mimi nakunywa.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nastahili. Lakini mkimaliza kunitukana nishaurini: nianze kumwambia nani?