Jiko la Nusu Bei

Tangazo la ruzuku lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, hapa Sombetini. Majiko ya umeme ya presha, yale yanayoivisha haraka, yalikuwa yanauzwa nusu bei, nusu nyingine inalipwa na serikali, na kila mita ya umeme ilistahili jiko moja tu. Mke wangu alikuwa na mwaka wa pili Mwanza, alikokwenda kumlelea binti yetu mtoto. Aliaga kwamba anakaa miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimechoka kuwasha mkaa kwa ajili ya chai ya kikombe kimoja, nikaenda.

Karani, msichana wa rika la binti yangu, aliniamkia, akaingiza namba ya mita kwenye kompyuta, kisha akakunja uso.

"Baba, mita hii ina jina la mwanamke."

"Ni mke wangu."

Umeme ulipoingia mtaani kwetu nilikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Yeye ndiye aliyehangaika na fomu na kumsimamia fundi wa nyaya. Mimi nilipata habari kwa simu, nikiwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani, kwamba taa zimewaka.

"Basi mpigie, athibitishe," karani akasema.

Nilisogea dirishani. Tulikuwa hatujaongea wiki mbili. Alipopokea nilisikia mtoto analia na televisheni inaunguruma. Nikamweleza, akacheka.

"Wewe na jiko, baba? Haya sasa ni mapya!"

Sikujua kama nilikuwa na hamu ya kicheko kile kiasi hicho. Nilitamani fomu iwe na maswali mengi zaidi.

"Kuna kubwa na dogo," nikamwambia. "Nachukua kubwa, ukirudi litutoshe."

 Nikamsikia akimbembeleza mtoto.

"Chukua dogo," akasema. "Linakutosha."

 Nilimpa karani simu, wakahakikisha jina na kitambulisho, wakacheka kidogo kwa jambo ambalo sikulisikia. Nikasaini.

Njiani, nikiwa na boksi begani, jirani akaniuliza, "Umemnunulia mama zawadi?" Nikamjibu ndiyo.

Mchana ule nilichemsha maharage, nikifuata kijitabu mstari kwa mstari. Yaliiva kabla sijamaliza kufagia uwanja. Zamani maharage yalichukua nusu siku, mke wangu kwenye kigoda akichochea moto, na mimi nikiwa likizo nikikaa karibu naye, tunapiga soga hadi yaive. Sasa nilikuwa na mchana mzima mbele yangu na sikujua niufanyie nini. Nilikula nikiwa nimesimama. Yalikuwa matamu. Nikaosha sahani, nikaketi barazani, wingu limeufunika wote ule mlima unaoonekana kutoka kwetu, nikawaza kama nimpigie nimwambie nimepika mwenyewe. Sikupiga.

Jumapili alipiga yeye.

"Jiko linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Vizuri," akasema. Mtoto akaanza kulia, akaniaga.