Ndizi za Mzee kwenye Nyumba ya Mzungu wa Chai

Wewe, umeshawahi kukatazwa jikoni siku ya Krismasi? Mimi nimekatazwa, tena na watoto niliowazaa mwenyewe. Kaa hapo nikusimulie. Ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi nacheka nikifika pale pa mlango wa nyuma.

Ile nyumba utakuwa umeiona ukipanda huko juu kwenye mashamba ya chai. Ya mawe, paa limechongoka, mabomba ya moshi mawili. Aliijenga Mwingereza mmoja wa chai, zamani, mimi sijazaliwa. Wanasema aliijenga vile vile kama za wakubwa wa kwao, maana ukungu wetu huu na mvua yetu vilikuwa vinamkumbusha kwao. Siku hizi wanaikodisha. Unalipa, unalala.

Mume wangu aliijua ile nyumba kuliko mwenyewe. Toka kijana alikuwa anapeleka kuni pale. Wazungu wanawasha moto sebuleni bwana, siyo jikoni, sebuleni! Wanakaa wanautazama tu, hata chungu hawajateleka. Miaka yote alipita mlango wa nyuma. Krismasi wakawa wanampa kipande cha keki, anakifunga kwenye jani la mgomba, anateremka nacho mpaka kijijini kwetu Masoko. Kinafika unga mtupu. Tunalamba viganja. Ananiambia, "Mke wangu, mle ndani iko meza, ndefu hiyo! Siku moja nitakukalisha pale." Namjibu, "Utanikalisha na hiyo suruali yako ya masizi?"

Sasa watoto wamekua na hadithi hiyo. Mwaka jana, masika inaanza, mwanangu wa kwanza, huyu wa Dar es Salaam, akapiga simu. "Baba, Krismasi tunakodi nyumba ya mzungu. Wewe na mama mtakaa kwenye ile meza. Wapishi wanatoka Mbeya, mama asiguse hata kijiko."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akaenda Tukuyu mjini kununua viatu.

Masika haijaisha, akafa. Vile viatu kaenda navyo.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya migomba yake. Basi hapo karibu, hatua tatu hivi kutoka kaburini, pana mgomba aliupanda kwa mkono wake, na kipupwe kilipofika ukabeba. Nikautunza ule mkungu kama mtoto mchanga. Nikauwekea mti wa kuegemea usije ukaangushwa na upepo. Nikasema huu ni wa Krismasi. Watoto wake wakae pamoja, wale ndizi za baba yao, mbalaga yetu ile ya ndizi za kupika, niliyoipika mimi kwenye mafiga yangu, halafu tutoke tukasali pale kaburini. Hicho tu. Sikutaka kingine mwaka ule.

Nikamwambia mwanangu kwenye simu, "Mje nyumbani sasa, si baba yenu hayupo."

"Mama, tumeshaagiza kila kitu. Na wewe upumzike, umechoka na moshi."

Siku ikafika. Nikaukata mkungu, nikajaza kikapu, nikajitanda kitenge changu kipya. Dereva wa mwanangu akaja kunichukua. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Gari limesimama mbele, pale kwenye ngazi na maua, mimi nimeshuka na kikapu changu kichwani, miguu ikanipeleka nyuma. Sikufikiri hata kidogo. Mlango wa ile nyumba mimi niliujua mmoja tu, ule wa mume wangu.

Nikabisha hodi. Akatoka mpishi, kijana wa kike, kofia nyeupe.

"Shikamoo mama. Ndizi tumeshanunua jana sokoni, pole. Labda zingekuwa mbivu!"

"Marahaba. Mimi siuzi, mwanangu. Nimekuja kula."

"Kula? Mama, leo humu kuna familia ya watu, wamekodi nyumba yote."

"Ndiyo, nimewazaa mimi."

Mwe! Ungemwona! Alipiga goti na mwiko mkononi. Mimi nikacheka mpaka kikapu kikataka kuanguka. Mara mwanangu akazunguka anakimbia, "Mama! Unapita huku kama mfanyakazi?"

"Baba yako alikuwa anapita huku."

Akanishika mkono. Kikapu nikamkabidhi yule binti, nikamwambia, "Zipike, ni ndizi za mume wangu." Nikaona nimemaliza. Kwetu sisi, mama akileta ndizi, nani ataacha kuziweka mezani? Sikujua kwamba wapishi wa kukodi wana karatasi. Imebandikwa ukutani, imeandikwa kila chakula alichoagiza mwanangu. Kisichokuwa kwenye karatasi hakitoki jikoni.

Tukaingia. Meza ndefu kweli, mzee hakudanganya. Vitambaa vyeupe, glasi, moto unawaka hapo sebuleni bila chungu. Mbele ya kila sahani kuna kikaratasi cha jina. Mimi shule niliishia la pili, kusoma kwangu ni kwa kuvizia. Changu nikakisoma: BIBI. Nikageuka kutazama cha pembeni yangu. BABU.

Binti yangu, mdogo wake huyu wa Dar, ndiye aliyewatumia wapishi majina, wakati ule baba yake mzima, na hakuna aliyekumbuka kulifuta la baba. Akaona ninapotazama. Akaziba mdomo kwa kitambaa cha mezani.

"Ondoeni hiyo sahani," mwanangu akawaambia wahudumu.

"Iache," nikasema. "Alinunua viatu."

Basi ikabaki. Wakaleta kuku wa kuoka mzima mzima, pilau, viazi, mboga sina majina yake, keki inawaka moto juu. Kila sahani ikitoka jikoni nanyoosha shingo. Hii siyo. Hii nayo siyo. Nikala, chakula kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo. Wajukuu wanapiga picha. Mimi nimekaa karibu na kiti kitupu, nasubiri ndizi.

Mara mwanangu akasimama, akagonga glasi. "Tumekubaliana sisi watoto. Mama hatahangaika tena na kuni na moshi. Kila Krismasi, Mungu akipenda, tutakuwa hapa."

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ulitaka nifanye nini, wote wananitazama wanacheka na meno? Lakini nikaiona nyumba yangu kule chini, mafiga ya baridi, mlango umefungwa, na yeye pale nje peke yake na mvua. Kila mwaka.

Nikasema naenda msalani. Nikaenda jikoni.

Nikawakuta wapishi wote wamezunguka sufuria moja, wamesimama, wanakula kwa mikono. Yule binti akafurahi kuniona. "Bibi, ndaga fijo, asante sana! Ndizi zako tamu hizi! Tumesema leo na sisi tumepata Krismasi."

Sikumgombeza. Ningemgombezaje? Walikuwa wamesimama palepale mume wangu alipokuwa anasimama na kikombe chake cha chai, anasubiri kipande cha keki. Nikasema, "Kuleni, wanangu." Nikakaa kwenye kigunia cha viazi, machozi yakatoka yenyewe.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa huyu wa Dar, yule anayesoma chuo, akanifuata. Huyu mimi na yeye ni wake wenza, toka mdogo. "Mke mwenza, unalilia nini huku jikoni? Nani kakupiga?"

"Ndizi za mume wetu zimeliwa. Zile za pale kaburini. Nilitaka mle nyie."

Akaangalia sufuria. Akainama na makucha yake yale ya kubandika, mekundu, akakwangua chini ukoko wote, akala, na mchuzi akaulamba kiganjani. Kwenye kiganja, unasikia? Kama sisi enzi zile.

"Mume wetu alijua kulima," akasema, mdomo umejaa.

"Alijua."

Jioni nikamwomba mwanangu twende tukamwone baba yake. Akasema mvua, mama, barabara ni utelezi, kesho. Kesho yake wakanirudisha kweli, safari ya Dar inawasubiri. Akashuka, akasimama kaburini na kofia mkononi. Lakini gari hakulizima. Lilikuwa linanguruma muda wote pale uani. Akanipa boksi la keki. "Mama, tutachelewa." Siyo mtoto mbaya. Aliogopa kukaa, nadhani, angelia.

Wakaingia garini. Mlango ukafunguliwa tena, mjukuu wangu akaruka, akakimbia na viatu vyake vyeupe kwenye tope mpaka migombani. Akaushika mgomba mwana, ule unaoota pembeni ya ule nilioukata, umeshanipita kimo.

"Huu ndio utabeba Krismasi ijayo?"

"Huo, Mungu Kyala akipenda. Lakini wewe na kucha hizo utamenya ndizi?"

Wanapiga honi. Hakugeuka. Akanishika mikono yote miwili.

"Nitazing'oa, Bibi. Mkungu wa huu usiukate, wala mtu asiuguse. Nakuja siku tatu kabla yao, naukata mimi, namenya mimi, moto nawasha mimi. Na baba akinitaka mezani kwa mzungu, atanifuata huku kwa mume wetu."