Nilivyofunika Kidole cha Marehemu

Kuna watu wakikutana na mimi hapa mjini Thika huniinulia kidole gumba, na mgeni akiona atadhani nasalimiwa kwa heshima, kumbe nachekwa, kwa sababu siku ile walikuwepo wakashuhudia. Wala sikusingiziwa. Nilifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai kando, na nikikumbuka hata sasa masikio yanapata moto.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mmoja hapa Thika. Siku hizi hatubebi mafaili kwapani kupeleka kortini. Unaskani karatasi zote, unaziunganisha ziwe faili moja kwenye kompyuta, unazipiga nambari kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, halafu unazituma kwa mtandao. Ni kazi inayoonekana ya kitoto lakini ndiyo inayoshikilia kesi, maana hakimu akisema "twende ukurasa wa hamsini" lazima wote wafike mahali pamoja, wetu na wa upande ule. Na mimi ndiye nilikuwa mtaalamu wa nambari pale ofisini (jina hilo nilijipa mwenyewe, msiulize nani mwingine aliniita hivyo).

Basi tulikuwa na mteja, Cucu Wangari. Cucu ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, na huyu alikuwa mjane mzee kutoka Mwiki, kule Ruiru. Zamani mumewe alinunua ploti kutoka kwa mzee jirani, wakaandikiana, na kwa kuwa yule muuzaji hakujua kuandika, aliweka kidole gumba mwishoni mwa karatasi kwa wino wa zambarau, mbele ya mashahidi. Sasa wazee hao wote wawili wamekufa, na mashahidi nao pia, na mtoto wa yule muuzaji, anaitwa Ndirangu, akaibuka akasema baba yake hakuuza hata shubiri moja, kwa hivyo Cucu afungashe virago. Korti ikampa Cucu oda ya muda, Ndirangu asimguse. Lakini oda hiyo ilikuwa na siku yake ya kuisha, na kopi ya mapatano tuliyokuwa tumepeleka mwanzoni ilikuwa giza tupu. Hakimu akasema tulete kopi safi yenye kidole kinachoonekana, ndani ya hati zilizopigwa nambari vizuri, la sivyo haongezi oda. Yaani nyumba ya Cucu, na kuku wake, na ile minazi miwili ya mapambo anayoringia, vyote vilikuwa vinategemea kidole kimoja.

Cucu akaleta karatasi yenyewe, akakaa kwenye benchi akinitazama nikiiskani, kisha akaikunja, akairudisha ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda nayo kwake.

Sasa hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Katika kesi nyingine iliyotangulia, hakimu alikuwa amelalamika kwamba nambari zetu hazionekani, zimepotea katikati ya mihuri, akauliza kama karani wetu anawaandikia siafu. Hilo neno liliniuma. Nikajisemea, hawa watu leo nitawapa nambari. Nikachagua maandishi makubwa, meusi ti, pembeni chini upande wa kulia, na ili kusiwe na muhuri wowote wa kuzimeza nikaweka kisanduku cheupe nyuma ya kila nambari. Nikabonyeza mara moja, kurasa mia moja na kumi na mbili zikajipanga kama wanajeshi. Nikaangalia ukurasa wa kwanza, nikaangalia wa pili, nikaruka nikaangalia wa mwisho. Nikafurahi. Kompyuta ikaniuliza kama ibadilishe lile faili la zamani lisilo na nambari, nami (mtaalamu) nikasema ndiyo, badilisha, la nini tena?

Siku moja kabla ya kesi Cucu akanipigia simu. "Kimani, mwana wakwa, nikuje na ile karatasi?"

"Cucu, hapana. Mambo ya karatasi yaliisha. Kila kitu kiko kwa kompyuta. Iache tu nyumbani."

Nilicheka hata, mnisamehe.

Kesi ilikuwa ya kusikizwa kwa mtandao. Wakili alikaa ndani ofisini kwake na laptopu yake, mimi na Cucu tukakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, Cucu akiwa amevaa kile kitambaa chake cha kanisani. Kwenye skrini kulikuwa na watu wengi wanaongoja kesi zao, kila mmoja kwenye kidirisha chake, mwingine yuko salon, mwingine anakula githeri bila kujua kamera inafanya kazi. Ndirangu pia alikuwepo kwa simu yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwake, geti la tatu kutoka kwa Cucu.

Tukaitwa. Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti lakini asiyependa mchezo, akasema, "Wakili, nambari zako leo nimezipenda." Nikampiga Cucu kiwiko kidogo, ajue ni nani amesifiwa. Wakili akasema, "Asante, Mheshimiwa. Naomba tufungue ukurasa wa thelathini na nne, ndio mapatano yenyewe, na pale chini utaona kidole cha muuzaji."

Hakimu akafungua, akasogeza uso karibu na skrini. Nikamsikia hata yule wa githeri akitafuna.

Wakili wa Ndirangu ndiye aliyeanza kusema. "Mheshimiwa, mimi naona nambari. Kidole sikioni."

Nikafungua ukurasa wangu mbio mbio. Pale pembeni chini upande wa kulia, mahali ambapo mzee wa watu aliinama akabonyeza kidole chake mbele ya mashahidi, palikuwa na kisanduku cheupe pe na 34 nene ndani yake. Ukitazama kwa makini uliona ukingo mwembamba wa zambarau juu yake, kama ukucha uliochungulia.

Hakimu akavua miwani, akaivaa tena. "Wakili, kwa hivyo aliyeuza shamba anaitwa Thelathini na Nne?"

Wakacheka wote. Wa salon alicheka, wa githeri alipaliwa. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaruka kwenye kiti nikapiga kelele, "Ngai Fafa! Nimemfunika mzee kidole!" Sikujua maiki yetu ilikuwa wazi. Vile vidirisha vyote vikageuza nyuso kunitafuta.

Mtu mwenye busara angekomea hapo. Mimi nilikuwa nimeshachanganyikiwa, natafuta lile faili la zamani na silioni, nikakumbuka nililibadilisha kwa kidole changu mwenyewe, na Cucu kando yangu ananivuta shati akiuliza, "Wanachekea nini? Kidole kimeenda wapi?" Nikashika simu nikampigia jirani yake, Mama Ciku, anayeuza sukuma wiki mbele ya geti lao, nikamwambia avunje kufuli ya Cucu sasa hivi atutolee karatasi. "Iko wapi?" akauliza. Nikamuuliza Cucu, Cucu akaninong'oneza sikioni. Na mimi nikarudia kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba: "Iko chini ya kitanda! Ndani ya debe la maharagwe ya njahi! Chimba mpaka chini!"

"Bwana karani," hakimu akasema polepole, "korti nzima imekusikia."

Ndipo nikatazama kidirisha cha Ndirangu. Kiti cha plastiki kilikuwepo, kalenda ukutani ilikuwepo, Ndirangu hakuwepo.

Sijawahi kuogopa hivyo. Aibu ya kuchekwa ni kitu unachoweza kunywea maji, lakini hii ilikuwa nyingine kabisa: nilikuwa nimempokonya mama mzee kidole chake kwenye kompyuta, halafu nikamwelekeza adui yake mahali ilipobaki karatasi pekee duniani. Cucu aliona kile kiti kitupu na akaelewa bila kuambiwa. Hakunigombeza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaanza kuomba kwa Kikuyu, chini chini.

Hakimu akamwambia wakili wa Ndirangu, kwa sauti ambayo haikuwa na upole tena, "Mtafute mteja wako arudi kwenye kiti chake."

Kwenye simu nikasikia nyundo, kisha mlango, kisha debe likiburutwa na njahi zikimwagika sakafuni. Halafu sauti ya mwanamume. Halafu Mama Ciku: "Unataka nini hapa, Ndirangu?"

"Nimekuja tu kuazima jembe."

"Jembe? Na si uko kortini? Toka! Toka hapo kabla sijaita watu!" Na akaita watu hata hivyo, maana nilisikia kina mama wa soko wakijaa kwenye ua, kila mmoja akiuliza ni nani ameingia kwa Cucu.

Dakika chache baadaye Mama Ciku akanipigia kwa video. Nikashika simu yangu mbele ya kamera ya kompyuta, hakimu akaniambia mara mbili niisogeze, na ile karatasi ikaonekana, imekunjwa mara nne, na pale chini kidole cha zambarau, kizima, na mistari yake yote. Hakuna aliyecheka. Ndirangu alikuwa amerudi kwenye kiti chake, anahema.

"Nimekiona," hakimu akasema. Akaongeza oda mpaka siku nyingine, akaamuru karatasi yenyewe iletwe mbele yake kortini Ruiru kwa mkono, na faili zima lipigwe nambari upya. Kisha akauliza, "Nani alitayarisha hizi hati?"

Nilifungua mdomo. Cucu akanitangulia, akasogelea skrini kana kwamba hakimu yumo ndani, akasema, "Mheshimiwa, usimkasirikie. Ni mimi nilimharakisha."

Hakuwahi kuniharakisha hata siku moja. Alikaa kwenye benchi lile asubuhi nzima kimya, mimi nikinywa chai. Nilitakiwa kusema hapo hapo kwamba si kweli, na sikusema. Nilinyamaza nikajificha nyuma ya mama wa miaka sabini na kitu, na kati ya yote niliyofanya siku ile, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Wakili alitoka ofisini kwake, akanitazama, akarudi ndani akafunga mlango. Hakunifuta kazi. Ila kwa wiki nzima maagizo yote alinipa kwa maandishi.

Cucu akarudi ofisini na ile karatasi ili niiskani upya. Alinisalimia vizuri, akaniuliza watoto wako aje, akaniletea hata ndizi. Nikanyoosha mkono nipokee karatasi. Akatabasamu, akanipita, akaenda mwenyewe kwenye ile mashine, akailaza juu ya kioo na kuishikilia pembeni kwa mikono yote miwili.

"Cucu, toa mikono kidogo, itatokea kwenye picha."

"Wacha itokee," akasema.

Nikaskani hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nimeapa sitatuma faili lolote kortini kabla ya kutazama kila ukurasa kwa macho yangu, hata zikiwa elfu, na nambari zangu sasa ni ndogo, ziko juu katikati, hazina kisanduku. Hakimu akitaka kuniita karani wa siafu aniite. Na ukifungua ukurasa wa thelathini na nne leo utakiona kidole cha marehemu wazi kabisa, na kandokando yake utaona vidole vinane vya Cucu vimeikaza ile karatasi. Wakili aliniuliza kama nivikate, nikamwambia hapana.